Mwarobaini ndani ya mzizi wa jino: tunapima nini hasa?

Anayedhani kwamba mimea na tiba ya kisasa ya meno ni mahasimu aangalie kilichomo ndani ya jino lililotibiwa mzizi. Kile kijiti cha rangi ya waridi ambacho daktari hukisukuma hadi karibu na ncha ya mzizi ili kuuziba, kiitwacho gutta-percha, asili yake ni utomvu wa miti ya Palaquium inayoota Malaysia na Indonesia. Saruji inayokishikilia, katika kliniki nyingi hadi leo, ni unga wa oksaidi ya zinki uliokorogwa na eujenoli, mafuta yanayopatikana kwenye karafuu. Ile harufu ya kliniki ya meno inayowatia watu wengi hofu tangu utotoni ni harufu ya karafuu. Kwa hiyo swali la kama mti una nafasi ndani ya jino lilishajibiwa zamani, na jibu lilikuwa ndiyo.

Nimeanza na hilo kwa sababu mjadala wa dawa za mimea hapa Dar es Salaam hugawanyika upesi katika kambi mbili. Moja inaamini kwamba wazee walishamaliza kila kitu na hospitali zimekuja kutufanyia biashara. Nyingine inabeza chochote kilichochemshwa kwenye sufuria. Zote mbili hazimsaidii mtu wa Mbagala aliyekesha ameshika shavu. Hoja yangu leo ni na kambi ya tatu, ambayo haina kelele: watafiti na wanafunzi wa udaktari wa meno wanaotafuta majimaji ya mimea yatakayochukua nafasi ya dawa ya klorini wakati wa kusafisha mfereji wa mzizi. Nia yao ni njema na ninaiunga mkono. Ninachopinga ni swali wanaloanza nalo. Wanauliza kama mmea fulani unaua bakteria. Mimea mingi inaua bakteria. Swali lenye uzito ni kama majimaji ya mmea huo yanaweza kufanya kazi zinazotakiwa ndani ya mzizi, maana kazi hizo ni zaidi ya moja.

Tuuangalie mzizi kwanza. Katikati ya jino kuna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Tundu likikifikia, bakteria wanaingia, kiini kinakufa na kuoza mahali pake. Damu haipiti tena humo, kwa hiyo kinga ya mwili haifiki, na dawa ya kumeza haifiki kwa sababu hiyohiyo. Hapa ndipo watu wengi mjini wanapopoteza hela: vidonge vya antibayotiki kutoka duka la dawa vinatuliza uvimbe kwa siku kadhaa, mzizi unabaki na uozo wake, na mwezi ujao shavu linavimba upya.

Kwamba bakteria ndio kiini cha tatizo, tulionyeshwa wazi mwaka 1965. Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, watafiti wa Marekani, walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini na kuyaacha wazi. Panya wa kawaida walipata majipu na viini vikafa. Panya waliokuwa wamelelewa bila kijidudu chochote walipona. Viini vyao vilijitengenezea daraja la dentini, ile sehemu ngumu inayokizunguka kiini cha jino, juu ya jeraha, ingawa tundu lilikuwa limejaa mabaki ya chakula. Tangu hapo tiba ya mzizi imekuwa na lengo moja: kuwatoa bakteria na chakula chao, kisha kufunga mlango.

Kuwatoa ndiyo kazi. Daktari anaingiza vifaili, yaani tupa ndogo nyembamba za chuma, na kukwangua kuta za mfereji, lakini mfereji wa mzizi si bomba lililonyooka. Una vichochoro, mapengo na matawi. Mwaka 2001 Peters na wenzake walipopiga picha za pande tatu za mizizi kabla na baada ya kukwanguliwa, walikuta asilimia 35 au zaidi ya eneo la kuta haikuguswa na faili hata kidogo. Miaka ya mwanzo ya 1980, Byström na Sundqvist wa Sweden walikuwa wameshaonyesha upande wa pili wa jambo hilo: ukikwangua na kusuuza kwa maji ya chumvi peke yake, bakteria wanapungua sana, lakini katika meno kadhaa wanabaki na kuzaliana tena. Walipoweka klorini ya asilimia 0.5 badala ya maji ya chumvi, meno mengi zaidi yakawa safi.

Ndiyo maana majimaji ni nusu ya tiba, pengine zaidi ya nusu. Yanapaswa kufika mahali ambapo chuma hakifiki. Yakifika huko yanatakiwa kuyeyusha mabaki ya kiini kilichooza. Yanatakiwa kuua bakteria ambao hawaelei mmoja mmoja, bali wamejijengea utando wa kunata ukutani, kama utelezi unaoota ndani ya simtanki lisilosuguliwa. Yanatakiwa kuondoa lile tope la dentini linalopakwa ukutani na vifaili vyenyewe. Na yakivuja kidogo kupita ncha ya mzizi, yasiunguze mfupa na nyama za mgonjwa.

Hakuna majimaji yanayotimiza yote hayo. Sodiamu haipokloraiti, yaani klorini, ni jamaa ya karibu ya jiki iliyoko bafuni kwako. Henry Dakin aliitengeneza kwa kiwango cha asilimia 0.5 kwa ajili ya vidonda vya askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na madaktari wa meno wakaichukua baadaye. Leo hutumika kati ya asilimia 0.5 na takriban 6. Inaua na inayeyusha. Lile tope la dentini haliwezi kuliondoa lote, hivyo inasaidiwa na EDTA, kemikali inayoyeyusha madini, ya asilimia 17. Klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, ya asilimia 2 inaua vizuri lakini haiyeyushi chochote, na ukiichanganya na klorini kunatokea mashapo ya rangi ya kahawia yanayoziba vinjia. Na klorini ikisukumwa kwa nguvu kupita ncha ya mzizi, mgonjwa anapata maumivu makali ghafla, uso unavimba na kuvilia damu ndani ya muda mfupi. Anayetafuta mbadala wake hatafuti kwa upuuzi. Ladha yake mbaya, harufu yake na hatari hiyo vyote ni sababu za kweli.

Sasa twende kwenye kisahani cha maabara. Utafiti wa kawaida wa mmea kwa ajili ya mzizi wa jino, na umefanyika kwa wingi hasa India, huenda hivi: majani au magome yanakaushwa, yanasagwa, yanalowekwa kwenye spiriti, yanachujwa. Bakteria, karibu kila mara Enterococcus faecalis, wanapandwa kwenye kisahani chenye chakula chao. Dawa inadondoshewa katikati, kesho yake mtafiti anapima upana wa duara ambalo bakteria hawakuota. Duara likiwa pana, makala inaandikwa kwamba mmea una matumaini.

Kipimo hicho kina kasoro tatu, na zote zinajulikana kwa wanaokitumia. Kwanza, upana wa duara unategemea jinsi kemikali inavyosambaa kwenye ule uji wa kisahani. Mafuta hayasambai vizuri kwenye kitu chenye maji, kwa hiyo dawa kali yenye mafuta inaweza kuonekana dhaifu, na dawa dhaifu inayoyeyuka vizuri kwenye maji ikaonekana kali. Pili, spiriti iliyotumika kuloweka majani inaua bakteria yenyewe. Mtafiti asipoweka kisahani cha spiriti tupu cha kulinganishia, hajui kama anasifu mwarobaini au anasifu spiriti. Tatu, na hili ndilo kubwa, bakteria wa kisahani ni wachanga, wametawanyika na hawajajenga utando. Aliyekaa miaka miwili ndani ya mzizi uliooza ni kiumbe mwingine kabisa kwa ugumu wake.

Naongeza la nne, ingawa hapa wataalamu wenyewe bado wanabishana. Enterococcus faecalis alipata umaarufu kwa sababu alikutwa mara nyingi kwenye meno yaliyotibiwa yakashindikana, na pia kwa sababu ni rahisi kumfuga. Mbinu mpya za kusoma vinasaba zimeonyesha kwamba mzizi ulioambukizwa una umati wa bakteria, wengi wao wakiwa wale wasiopenda oksijeni, na huyu wetu mara nyingine hayumo kabisa. Dawa iliyofaulu dhidi yake peke yake imefaulu mtihani wa mwanafunzi mmoja katika darasa zima.

Mswaki ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ni wa kwetu. Mti wake, Salvadora persica, unaota sehemu kavu za nchi hii, na vijiti vyake vinauzwa nje ya misikiti ya Kariakoo na Ilala, hasa mwezi wa Ramadhani. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake pale ulipo utamaduni wa kuutumia, na kwa kusafisha fizi na uso wa meno hilo ni jambo jema ambalo halina haja ya kutetewa zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Sweden, Sofrata na wenzake, walikwenda hatua moja mbele: waliitafuta kemikali yenyewe inayoua bakteria kwenye mzizi wa mswaki, wakaipata. Ni benzili aisothiosayaneti, ndugu wa zile kemikali kali zinazoipa haradali ukali wake. Kazi yao ni safi sana, na ndiyo aina ya utafiti ninayotamani kuiona hapa.

Lakini soma walichokuta. Bakteria hugawanywa katika makundi mawili, Gramu hasi na Gramu chanya, kwa jinsi wanavyoshika rangi ya maabara. Kemikali hiyo iliwaua kwa kasi bakteria wa kundi la Gramu hasi, wakiwemo wale wa ugonjwa wa fizi. Wale wa Gramu chanya walizuiwa kukua tu, na wengine hawakuguswa. Enterococcus faecalis ni Gramu chanya. Kwa maneno mengine, mtu akiupeleka mswaki kwenye kisahani cha kawaida cha utafiti wa mizizi ya meno, anaupima dhidi ya adui ambaye si saizi yake. Anaweza kuutupa mti mzuri kwa kosa la mtihani. Na kinyume chake, akipata duara pana, anapaswa kushtuka na kujiuliza ni kitu gani kingine kilichomo kwenye ile chupa.

Zipo tafiti zilizojaribu kwenda ndani ya jino lenyewe, na hizo zinastahili kusomwa kwa makini. Mwaka 2010 Prabhakar na wenzake nchini India waliotesha utando wa bakteria juu ya meno ya watu yaliyong'olewa, wakaujaribu kwa triphala, mchanganyiko wa matunda wa tiba ya Ayurveda, na kwa kemikali za majani ya chai ya kijani. Zote mbili zilipunguza bakteria kwa kiasi cha kuridhisha. Klorini ya asilimia 5 ilizishinda. Miaka miwili kabla, Murray na wenzake waliipima juisi ya tunda la mnoni (Morinda citrifolia) katika kuondoa tope la dentini, ikafanya vizuri sawa na klorini. Habari hiyo imenukuliwa mno, na karibu kila anayeinukuu anaruka sentensi moja: matokeo hayo mazuri, ya juisi na ya klorini, yalipatikana pamoja na suuzo la EDTA. Tope la dentini lina madini, na EDTA ndiyo inayoyeyusha madini. Juisi haikuwa peke yake kazini.

Sijaona mahali ambapo majimaji ya mmea yameonyeshwa kuyeyusha kiini kilichooza kwa nguvu ya klorini. Kwangu hilo ndilo pengo kuu. Uozo ukibaki kwenye vichochoro, bakteria wachache waliosalia wana chakula cha miaka.

Kuna hoja moja inayorudiwa katika kila utangulizi wa tafiti hizi, kwamba mimea itashusha gharama kwa nchi maskini. Naiheshimu nia yake, lakini haiendani na hali halisi. Klorini ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa kwenye chumba cha daktari wa meno. Kinachomfanya mama wa Gongo la Mboto aseme "nitoe tu, dokta" ni vifaili vinavyochakaa na kubadilishwa, eksirei zaidi ya moja, muda mrefu kwenye kiti, na nauli ya kurudi mara ya pili na ya tatu huku akiwa amefunga genge lake. Ondoa klorini kwenye hesabu hiyo, mama bado anang'oa. Tena majimaji ya mmea yakitengenezwa kama dawa inavyotakiwa kutengenezwa, kwa kukausha kwa kipimo, kupima kila toleo, kuondoa vijidudu na kufungasha chupa safi, yatakuwa ghali kuliko klorini. Yatakuwa ya bei ya chini tu kama tutakubali kuyachemsha jikoni, na hakuna mtu atakayekubali kuchemshiwa kitu jikoni kisha kikaingizwa kwa sindano karibu na mfupa wa taya lake.

Wala tusijidanganye kwamba kitu cha asili hakina madhara. Eujenoli ya karafuu ikiwa nyingi inaunguza nyama, na mtu yeyote aliyewahi kupaka mafuta ya karafuu kwenye jino yakagusa fizi anajua. Malaysia iliripotiwa zamani kuhusu watoto wachanga waliougua vibaya, wengine wakipata degedege, baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Manjano na mimea yenye tanini nyingi hutia rangi, na jino la mbele lililopona lakini likageuka njano halitamfurahisha aliyelilipia. Juisi za matunda zina sukari.

Mpaka hapa naweza kuonekana nimefunga mlango. Sijafunga. Kuna sehemu mbili au tatu ambapo ukali wa klorini ni tatizo hasa, na hapo ndipo ningependa nguvu zetu ziende.

Ya kwanza ni meno ya utoto. Mtoto wa miaka mitano mwenye jino lililooza hadi kwenye kiini ana jino la ukubwani linalojengeka chini yake, karibu kabisa na ncha za mizizi. Mizizi ya jino la utoto hupungua yenyewe kadiri mtoto anavyokua, kwa hiyo ncha yake si mlango wa kuaminika. Dawa inayovuja hapo inagusa jino lijalo. Ya pili ni jino la ukubwani la kijana aliyeanguka kwenye baiskeli kabla mzizi haujafunga ncha. Siku hizi wataalamu hujaribu kuuamsha mzizi huo uendelee kukua kwa kutumia seli za mgonjwa mwenyewe, na chama cha wataalamu wa mizizi ya meno cha Marekani kinashauri klorini ishushwe hadi asilimia 1.5 ili seli hizo zisife. Hapo watu tayari wanatafuta dawa ya upole. Mmea unaoua bakteria kwa wastani bila kuua seli una thamani kubwa hapo kuliko kwenye gego la mtu mzima. Ya tatu ni suuzo la mwisho, baada ya klorini kumaliza kazi yake ya kuyeyusha, au dawa ya kuachwa ndani ya mzizi kati ya miadi na miadi.

Katika suuzo la mwisho kuna mtego mmoja wa kikemia. Klorini hutumika na kuisha inapokutana na vitu vya kimea, na kemikali nyingi za mimea nazo huharibika zinapokutana na klorini. Ukimimina moja juu ya nyingine bila kusuuza katikati, unaweza kuwa umezipoteza zote mbili na kupata rangi ya ajabu juu yake. Mtafiti anapaswa kulipima hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Vyombo vya kufanya kazi hii tunavyo, na viko ndani ya jiji moja. Muhimbili kuna shule ya udaktari wa meno, na katika chuo hichohicho ipo Taasisi ya Tiba Asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ndiyo inayopitisha maadili ya tafiti za afya kitaifa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndiyo inayotoa kibali cha majaribio ya dawa kwa watu, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo kwa sheria ya mwaka 2002. Mkemia wa mimea na daktari wa mizizi ya meno wanaweza kukutana bila kupanda basi. Ningependa wakutane mapema, kabla mwanafunzi hajachagua mmea, ili mkemia aseme kemikali gani imo na kwa kiasi gani, na daktari aseme kazi gani inahitaji kufanywa.

Wakati wakikutana, kuna mambo ya leo ambayo hayahitaji utafiti. Klorini hupoteza nguvu kwa joto na mwanga, na Dar ina vyote viwili. Chupa iliyokaa dirishani tangu Januari si dawa ile iliyoandikwa kwenye lebo. Inatakiwa gizani, imefungwa, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe. Mpira wa kulitenga jino unazuia klorini isimwagike mdomoni na mate yasiingie kwenye mzizi, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa nini hakuwekewa. Sindano ya kusuuzia yenye tundu ubavuni, isiyokazwa kwenye mfereji na inayosukumwa polepole, inapunguza sana ile ajali inayowatisha watu.

Mgonjwa akisema, "Dokta, naogopa klorini, huwezi kunisafisha na mwarobaini?" jibu la haki kwa sasa ni, "Hapana mama, bado. Lakini nitakueleza ninavyoizuia isikudhuru." Na mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, namwomba aache kisahani. Achukue meno ya utoto yaliyong'olewa kwa sababu nyingine, aoteshe ndani yake utando wa bakteria mchanganyiko kwa wiki tatu, ayagawe makundi: maji ya chumvi, klorini ya asilimia 1, benzili aisothiosayaneti ya mswaki kwa kiwango kilichopimwa na mkemia, na klorini ikifuatiwa na maji ya chumvi kisha mswaki. Ahesabu bakteria waliobaki hai, apime uzito wa kiini kilichoyeyuka, na pembeni aweke seli za binadamu zilizoguswa na dawa hizohizo aone ngapi zinaishi.